Mlango wa Abiria

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni kwamba dereva hakushukia mlango wake.

Teksi nyeupe iliingia yadi asubuhi, dereva akiwa na simu sikioni, ikasimama kwenye sakafu ya saruji pale wanapooshea magari. Dereva akazima moto, akakaa kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Kisha akajivuta juu ya kiti cha pili, mguu ukanasa kwenye gia, akatukana kwa sauti ya chini, akatokea upande wa abiria. Kiatu chake kiliacha alama ya vumbi juu ya kiti. Kimya alikuwa amechuchumaa mbele ya gari akikamua kitambaa, na aliyaona yote hayo kupitia kioo cha mbele. Hakusema kitu. Hakuwa mtu wa kusema vitu.

Ndiyo maana watu wa yadi walimpa jina hilo. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri, ila aliitumia kwa mtu mmoja tu. Akiwa na neno, alikwenda hadi kwenye sikio la mama yake, akanong'ona, na mama akatangaza.

"Kimya anasema gurudumu lako la nyuma halina upepo! Mpitie baba yake pale kwenye pancha!"

"Kimya anasema taa yako ya breki imekufa! Mjomba wake yupo, usiondoke hivyo!"

Kwa hiyo yadi nzima iliyajua mawazo ya binti huyo, lakini iliyajua kwa sauti ya Mama Kimya, sauti iliyofika mpaka kwa wachomeleaji na kuwashinda kelele.

Mama Kimya hakuosha gari kama wengine. Wengine huosha kinachoonekana barabarani. Yeye alifungua kila mlango mpaka mwisho, mpaka ukakataa kwenda, akaingiza brashi ndogo kwenye bawaba na kingo na kila pembe ambako grisi na vumbi hulala pamoja miaka. Mteja akiuliza kwa nini anajisumbua, alijibu, "Bwana harusi haogi uso peke yake, baba. Mgongo nao unaingia ndani ya suti."

Asubuhi hiyo mlango wa dereva ulikuwa umejifunga. Mama Kimya alipitisha mkono kwa ndani, akainua kipini cha loki kwa vidole mara mbili tatu mpaka mlango ukafunguka, akaendelea na brashi yake akiimba. Kimya alisafisha viti. Alama ile ya kiatu aliifuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa kufuta ndiyo kazi.

Dereva aliitwa Honi, maana hakuweza kumpita hata mbuzi bila kupiga honi. Alirudi kutoka kunywa chai, akalizunguka gari lake linalometameta, akajitazama kwenye mlango, akarekebisha kola.

"Mama Kimya, wewe ukifa nani ataniosha?"

"Nikifa mimi utaoshwa na mvua. Nenda kazini."

Akaingia, akafunga mlango, akaondoka akipiga honi bila sababu.

Jua halijapanda sana, honi ileile ikasikika ikirudi, ndefu, isiyokatika. Teksi ilipita katikati ya mafundi bila kupunguza mwendo, ikafunga breki kwenye maji. Honi akatoka dirishani. Alitanguliza kichwa, kisha mabega, kisha akaanguka kwa magoti kwenye povu.

"Mmeniharibia gari!" alipiga kelele kabla hajasimama. "Mmenilowesha loki! Mama Kimya, toka hapa uone ulichonifanya!"

Mama Kimya alikuwa amesimama mbele yake. "Nipo. Sema polepole, nina masikio mawili tu."

Honi akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kukusanyika. Alikuwa amempakia mzee mmoja mwenye suti ya kijivu, mtu wa heshima, anawahi mkutano. Kufika kituoni, mzee anataka kushuka, loki zikajifunga zenyewe. Ukiinua kipini kinashuka. Ukiinua kinashuka. Milango yote minne inapiga ka-ka-ka kama gari limepagawa. Mwishowe mzee wa watu ametokea dirishani kama mwizi wa kuku, suruali imechanika pale ambapo suruali haitakiwi kuchanika, na kituo kizima kinashangilia.

Mchomeleaji mmoja akacheka. Honi akamgeukia. "Cheka! Cheka tu! Nauli hajanilipa, na amesema sitampakia tena mpaka anaingia kaburini!"

"Pole," alisema Mama Kimya. "Lakini maji yangu yameingiaje kwenye loki zako? Nimeosha magari ya yadi hii tangu binti yangu akiwa mgongoni. Lipi lilipagawa?"

"Hili hapa! Liliingia zima, limetoka bovu. Katikati hapo kuna nani? Kuna wewe na brashi yako ya kuchokonoa chokonoa!"

Watu wakamtazama Mama Kimya. Halikuwa tusi kubwa, lakini alitukaniwa kazi yake mbele ya watu waliomheshimu kwa kazi hiyo. Kimya alitaka kusogea kwenye sikio la mama yake, ila watu walikuwa wengi mno katikati.

Mwenye Yadi akaja na kijiti chake mdomoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kelele, na mara nyingi hilo huwa baya kuliko ubaya wenyewe.

"Nimesikia," alisema. "Mama Kimya, kesho asubuhi jambo hili liwe limekwisha. Mtengenezee gari lake, na umwombe radhi hapahapa, mbele za watu, kama yeye alivyoaibika mbele za watu. Ukishindwa, bomba hili nitampa mwingine. Wapo wanaolitaka, tena wana mashine za presha."

"Nimwombe radhi kwa lipi?"

"Kwa amani," alisema Mwenye Yadi, akaondoka.

*

Jioni, nyumbani, baba alikaa kwenye kigoda mlangoni akisugua mikono kwa sabuni ya unga. Mikono ya fundi wa pancha haitakati. Alijua hivyo, lakini kila jioni aliisugua, kana kwamba leo huenda ikakubali.

"Mama Kimya," alisema bila kuinua macho, "mwombe tu radhi yaishe."

Mama alikuwa akipanga sahani. Aliacha moja hewani. "Unasemaje?"

"Nasema yaishe. Neno moja. Linatoka mdomoni linapotea."

"Linapotea wapi, Baba Kimya? Nikisema nisamehe, nimesema nimeharibu. Kesho kutwa gari la mtu haliwaki, wataniambia, si wewe uliyeharibu loki za Honi? Mwezi ujao redieta ya mtu inavuja, ni Mama Kimya. Tumbo la mtu linauma, ni Mama Kimya, alioshea karibu!"

Baba akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na tukifukuzwa?"

"Tukifukuzwa tutatoka na jina letu. Tukibaki kwa kuomba radhi, tutabaki na bomba na jina hatuna. Jina likichafuka utaliosha kwa sabuni gani?"

"Jina halipikiki."

"Hata wewe hupikiki, mbona nakutunza?"

Mjomba aliingia hapo, akiinama mlangoni kwa urefu wake. Alikuwa mdogo wake mama, fundi wa umeme wa magari, na yadi ilimwita Shoti. Magari yaliyofika kwake yakiwa hayawaki, yanayozima taa kila yakipiga kona, yenye vioo visivyopanda, mengi yaliondoka mazima. Akakaa pembeni ya shemeji yake, akajitwalia kikombe.

"Dada, gari la Honi mimi siligusi."

"Hata wewe?"

"Hasa mimi. Nikigusa nati moja tu, watasema Shoti kamtengenezea dada yake ushahidi. Nikisema maji hayahusiki, watasema damu. Nikisema yanahusika, utanifukuza hapa kabla sijamaliza chai."

"Kwa hiyo nani atalitazama?"

"Honi mwenyewe. Nitaweka mikono yangu nyuma, hivi, na nitamwambia bonyeza hapa, fungua pale. Chochote kitakachoonekana, atakiona kwa macho yake na kukishika kwa mikono yake. Fundi mwingine pale anayejua loki hayupo, wote ni injini na rangi."

Mama akatafakari. Wakati huo Kimya alikwisha kusogea. Akainama kwenye sikio la mama yake kama kawaida na kunong'ona. Alinong'ona kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Sura ya mama ikabadilika. "Umeona kwa macho yako?"

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Alivuka kiti, akatokea upande wa abiria? Kabla hata sijamwaga tone la maji?"

"Ndiyo, mama."

Baba akaacha kusugua mikono. Mjomba akapiga paja. "Basi! Loki ya mlango wake ilikuwa imekufa alipokuja. Mtu havuki gia kwa mazoezi ya viungo."

"Kesho utasema," mama alimwambia binti.

Kimya akatikisa kichwa haraka. "Sema wewe, mama."

"Mimi sikuona."

"Nimekwambia. Ni sawa na kuona."

"Si sawa. Nikisema nimeona nitakuwa muongo wa pili kwenye yadi ile, na wa kwanza yupo anatutosha. Nikisema binti yangu ameona, watauliza, mbona mwenyewe hasemi? Ana nini cha kuficha?" Mama akamshika kidevu, akauinua uso wake. "Nimekubebea maneno yako yote, mwanangu, na sijawahi kuchoka. Hili silibebi. Hili ni zito kwa mtu ambaye si lake."

Kimya hakula vizuri. Alikuwa na umri wa kuolewa, kama majirani walivyopenda kumkumbusha, na bado akifikiria watu wengi wakimtazama kwa pamoja, alijiona kama mtoto anayeitwa ubaoni.

*

Asubuhi yadi ilijaa watu waliojifanya wana kazi karibu na bomba. Fundi wa rangi alichanganya rangi ambayo hakuna gari lililoisubiri. Fundi wa injini alifuta spana ileile mara nyingi. Mwenye Yadi alikuwa kwenye kiti chake, na kando yake alisimama mwanamke mnene aliyevaa vizuri, mkoba kwapani. Huyo ndiye mwenye teksi. Alikuwa na duka la vitambaa, kwa hiyo aliitwa Mama Vitambaa, na Honi alikuwa dereva wake tu, jambo ambalo Honi hakupenda kulitaja.

"Shikamoo mama," Kimya alisema kwa midomo bila sauti, akapita na ndoo yake.

"Gari langu limelala bila kazi," alisema Mama Vitambaa. "Dereva ananiambia limeoshwa mpaka likaharibika. Nimekuja kuona hiyo sabuni ni ya aina gani."

"Karibu, dada," alisema Mama Kimya. "Utaiona."

Shoti akasogea, mikono ameifunga nyuma kama mkaguzi. Watu wakacheka. "Sicheki mimi," alisema. "Honi, ndugu yangu, leo wewe ndiye fundi. Shika rimoti. Bonyeza."

Honi akabonyeza. Milango mitatu ikapiga ka! Mlango wa dereva ukanyamaza.

"Rimoti nzima, betri yake nzima. Fyuzi nayo nzima, maana ingekufa isingelia hata mmoja, lakini itoe uitazame mwenyewe, usije ukasema nimekwambia."

Honi akainama chini ya dashibodi, akachomoa fyuzi, akainyanyua juani. Kiwaya cha ndani hakikuwa kimekatika. Akairudisha.

"Sasa fungua mlango wako nusu. Bonyeza."

Ka! Kipini cha mlango wa dereva kikaruka juu. Watu wakaguna.

"Mota ya loki nayo nzima. Sasa ufungue mpaka mwisho. Bonyeza tena."

Honi akabonyeza, akabonyeza, hakuna kitu. Akaurudisha mlango nusu bila kuambiwa, akabonyeza, milango yote ikaanza kujifunga na kujifungua yenyewe ka-ka-ka, mpaka akashtuka na kuachia.

"Umeona?" alisema Shoti. "Nyaya zinapita hapo kwenye bawaba, ndani ya lile ganda la mpira lenye mikunjo. Kuna waya umekatika ndani. Ncha zikigusana, loki zinapagawa. Zikiachana, zinakufa. Ni ugonjwa wa magari ya teksi, mlango unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Maji hayajui nusu wala mwisho."

Baba alishusha pumzi. Mchomeleaji akaanza kupiga makofi. Lakini Honi alikuwa anatazama mlango, na macho yake yakapata mwanga.

"Mpaka mwisho," alisema taratibu. "Nani hufungua milango mpaka mwisho hapa? Nani? Magari mengine huoshwa milango imefungwa! Huyu mama huivuta mpaka inalia, halafu anasukumiza brashi yake palepale kwenye huo mpira! Basi si maji. Ni yeye mwenyewe kazivunja nyaya kwa mikono!"

Kila mtu pale aliijua ile brashi. Kila mtu alikwisha kusikia ule utani wa bwana harusi.

Mwenye Yadi akakitoa kijiti mdomoni. "Hapo," alisema, "hapo, Mama Kimya, Honi ana neno."

Shoti aliikaza mikono yake nyuma. Damu. Chochote atakachosema ni damu.

Na Mama Kimya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa jibu, aliitazama brashi iliyokuwa mkononi mwake. Kimya alimwona akiitazama. Mama yake hakuogopa kufukuzwa. Alikuwa anajiuliza, kweli anajiuliza, kama kitu alichojivunia maisha yake yote ndicho kilichomharibia mtu gari. Kimya hakuweza kuvumilia kuona uso ule.

"Alishukia mlango wa abiria," alisema.

Ilitoka ndogo, kama hewa ya tairi.

"Nani kasema?" aliuliza Mama Vitambaa akigeuka huku na huku.

Watu wa yadi hawakuijua sauti ile. Mama Kimya akageuka, akasubiri. Hakuinama kumpa sikio.

Kimya akaweka ndoo chini.

"Mimi nimesema. Jana asubuhi, alipokuja, alishukia mlango wa abiria. Wake ulikuwa haufunguki. Alivuka kiti, mguu wake ukanasa kwenye gia, akatukana. Tulikuwa hatujafungua mlango hata mmoja. Hatujafungua hata bomba."

"Huyo si bubu?" alisema mtu nyuma.

"Bubu gani, unamsikia!"

Honi akacheka kicheko kikavu. "Huyu mtoto ameambiwa la kusema. Nilishukia huko kwa kuwa... simu yangu ilikuwa huko."

"Simu ulikuwa nayo sikioni ulipoingia," alisema Kimya. Sasa sauti ilikwisha kupata njia, ikawa rahisi, tena yenyewe ikapanda. "Na kiatu chako cha kushoto kilikuwa na vumbi jekundu. Uliacha alama kwenye kiti. Niliifuta mimi. Laiti ningejua, nisingefuta. Ila ule mpira wa bawabani sikuufuta mimi, na mama yangu huupitia juu tu. Ufunueni. Kama ni mama aliyekata waya jana, mtaukuta umekatika jana."

"Msichane mpira wa gari!" Honi alisema haraka mno. "Gari la watu hili!"

Mama Vitambaa akamtazama dereva wake kwa muda. "La watu gani, Honi? Mwenye gari nimesimama hapa. Uvute."

Honi hakusogea. Basi mwanamke yule akampa fundi wa injini mkoba wake amshikie, akachuchumaa na nguo zake nzuri, akalichomoa ganda la mpira kwa vidole vyenye pete. Ndani, juu ya kifungu cha nyaya, kulikuwa na tepu nyeusi, imezungushwa ovyo kama bendeji ya mtu aliyejitibu mwenyewe. Ilikuwa kavu. Gundi yake ilikwisha kuyeyuka na kukamata vumbi, na vumbi likaganda. Chini yake waya mmoja ulikuwa umekatika, na ncha zake zilikuwa zimegeuka kijani kwa kutu.

"Ukijani huo," Shoti alisema pole pole, mikono bado nyuma, "haukuota jana."

Honi akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Kelele zote zilikuwa zimemtoka, na bila kelele alionekana mdogo na mchovu, mtu mwenye watoto.

"Ulisema likiharibika tena utampa gari mtu mwingine," alimwambia Mama Vitambaa bila kumtazama. "Nikafunga tepu. Nikasema litanivusha. Jana aliponishukia dirishani yule mzee, nilijua utasikia. Nikatafuta pa kulitua."

"Ukalitua kwangu," alisema Mama Kimya.

"Nililitua palipo karibu, mama."

Mama Vitambaa akasimama akipangusa mikono. "Lete funguo."

"Subiri, dada," alisema Mama Kimya. "Mambo yenu mtayamalizia dukani, na mimi sikuombi umfukuze, wala umwache. Waya ulichoka, ungekatika hata chini ya dereva mwingine. Langu ni moja. Jana alinitukania kazi yangu, na yadi yote ilisikia. Leo aseme, kwa sauti ileile."

Honi akaamka. Akatazama viatu vyake, kisha watu. "Gari liliingia hapa likiwa bovu," alisema.

"Ileile," alisema Mama Kimya. "Ile iliyofika kwa wachomeleaji."

"Gari liliingia hapa likiwa bovu!" Honi alipiga kelele. "Mama huyu hakuliharibu! Nimekosa mimi!"

"Tumesikia!" wachomeleaji wakajibu kwa pamoja, na kicheko kikazuka, hata Honi akatabasamu nusu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwenye Yadi akakohoa. "Basi, kazi iendelee."

"Na wewe, baba, huna neno?" aliuliza Mama Kimya.

"Neno gani?"

"Ulitaka niombe radhi kwa amani. Amani si hii hapa imekuja?"

Akarudisha kijiti mdomoni, akakitoa tena. "Bomba ni lako, Mama Kimya. Nilikosea." Akaenda haraka kabla hajaombwa arudie.

Shoti hatimaye akaileta mikono yake mbele, akanyoosha vidole, akaenda kuchukua chuma chake cha kuunganishia waya. Mama Kimya akamwambia binti yake alete maji. Mlango ulikuwa umejaa alama za vidole vya watu, na kwake gari halitoki hivyo.

*

Kazi ilipokwisha, loki zote nne zikapiga kwa pamoja, ka! moja tu, safi. Mama Vitambaa aliifungua na kuifunga milango kwa raha kama mtoto. Honi alikaa kwenye usukani akisubiri hukumu yake ya dukani. Mwanamke yule hakuingia garini. Alirudi mpaka kwenye bomba.

"Mama Kimya, nisikilize. Mimi natafuta binti wa dukani kwangu. Ninao wanaojua kuongea, wananiimbia siku nzima na vitambaa vinapotea. Namtaka mwenye macho. Huyu wako anaona. Atakaa kivulini, kwenye kiti, mikono mikavu. Mtoto wa kike huyu, mpaka lini kwenye matope?"

Baba aliyekuwa akibingirisha tairi alisimama. Uso wake ulisema ndiyo.

Mama Kimya aliichukua mikono ya binti yake, akaigeuza viganja juu. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji na kupasuka kwa sabuni. Alivitazama kana kwamba hajawahi kuviona, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, "Ni bahati, mwanangu. Nenda. Mimi nitapata mtu wa kunisaidia. Hapa ulikaa kwa sababu hatukuwa na pengine pa kukuweka, najua."

Hivyo ndivyo walivyojua wote. Majirani walijua hivyo walipomwonea huruma, baba alijua hivyo kila jioni alipomtazama akirudi na gauni limelowa. Wateja walijua hivyo walipomwachia chenji kwa sauti ya pole. Kwa kuwa hakuwahi kusema lolote, kila mtu alimsemea, na kila mtu alimsemea huzuni.

Kimya alitoa mikono yake kwenye mikono ya mama. Hakuinama kwenye sikio la mtu. Alisimama wima, maji yakimtiririka miguuni, akamtazama Mama Vitambaa, akasema kwa sauti iliyowafanya wachomeleaji wazime moto wao kusikiliza:

"Ahsante, mama. Lakini siendi. Mimi sikuwekwa hapa. Naipenda kazi hii. Gari likija limechakaa likatoka linang'aa mpaka ndani ya bawaba, huo ni mkono wangu na wa mama yangu, na hakuna yadi nyingine inayoweza. Mimi ni muosha magari."